Hatuhesabu Udongo

Mimi ndiye niliyeandika. Naanza na hilo ili mtu asije akanionea huruma kabla hajajua. Mkono ni huu huu, kalamu ilikuwa ya bluu, na hakuna aliyenishikia. Nimekuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Nakalola kwa miaka kumi na sita, nafundisha hisabati darasa la sita na la saba, na nimewaadhibu watoto wa watu kwa kutojua tofauti ya ekari na hekta.

Fomu ililetwa mwezi wa pili na Dickson, bwana ardhi kutoka wilayani, kijana mpole aliyevaa viatu vya ofisini kwenye mchanga wetu. Kijiji kilikuwa kinapangiwa matumizi ya ardhi: hapa makazi, hapa mashamba, hapa msitu, hapa huduma za jamii. Kila chenye mali kijieleze. Zahanati ijaze fomu, kanisa lijaze, msikiti ujaze, na shule nayo ijaze. Kwenye sehemu ya majengo nilijaza vizuri, mpaka idadi ya matundu ya choo. Halafu nikafika kwenye kisanduku kilichoandikwa UKUBWA WA SHAMBA, na bila hata kuinua macho nikaandika: mikorosho 212.

Asiyetoka huku atauliza mwalimu gani huyu. Basi ajue kwamba huku juu Newala, na hata kule bondeni Masasi nilikozaliwa, mtu hana ekari. Ana mikorosho. Ukienda kuposa unaulizwa una mikorosho mingapi. Mzee akifa, wanawe wanagawana mikorosho. Ukisikia fulani kanunua shamba, kanunua miti. Udongo ulio chini yake unaweza kuwa wa mtu mwingine kabisa, na huyo mwingine analima mihogo na kunde katikati ya miti isiyo yake, na asubuhi wanasalimiana vizuri tu. Mti ni wa aliyeupanda, udongo ni wa ukoo. Tulikuta hivyo, tukaendelea hivyo, na sikumbuki mtu yeyote akiomba ufafanuzi.

Dickson aliisoma fomu pale pale ofisini kwangu. Alisoma mara mbili, akajikuna shingo.

"Mwalimu, samahani. Hapa wanataka ekari. Au twende tukapime? Nina kamba kwenye pikipiki, haitachukua hata saa moja."

Nikacheka. Niliona kijana kaja kutufundisha mashamba yetu. Nikamwambia, kwa sauti ambayo walimu wenzangu wote waliisikia, "Baba, huku hatuhesabu udongo."

Ofisi nzima ikacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Twahiru, mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye aliyemleta yule kijana. Twahiru nimemfundisha mimi mwenyewe, kuanzia darasa la tano mpaka alipomaliza, na alikuwa mzuri sana wa hesabu. Dickson akatabasamu kwa aibu, akaiweka fomu kwenye faili, akaondoka na kamba yake.

Shamba lile nililijua kuliko nilivyojua nyumba yangu. Lilipandwa nikiwa darasa la tatu, wakati watu walipokusanywa Nakalola kutoka vitongojini na kuambiwa wajenge kijiji. Kaya zilikuwa hamsini na tatu. Kila kaya ikaambiwa ipande mikorosho minne karibu na barabara, ivunwe na shule, iendeshe shule. Baba yangu, Mwalimu Basil, alikuwa katekista aliyeletwa na misheni kutoka Masasi. Hakuwa na ukoo huku juu, kwa hiyo hakuwa na udongo. Mikorosho yake minne, mstari wa tatu karibu na njia, ndiyo miti pekee aliyowahi kuipanda Nakalola. Mimi ndiye niliyemshikia mbegu kwenye kanga ya mama, nikampa moja moja, na yeye akawa anazifukia na kuzikanyaga taratibu kwa kisigino.

Miti hiyo ilitulea. Upepo ulipong'oa bati za darasa la kwanza, miti ndiyo iliyoezeka upya. Madawati, chaki, milango ya choo cha wasichana. Serikali inalipa mishahara na inaleta fedha za vitabu, sikatai. Lakini uji ni wa mikorosho. Kila mwaka wazazi walipulizia miti salfa, dawa ya ukungu, kwa zamu, watoto wa darasa la sita na la saba wakaokota, tukapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, na kilichopatikana kikawa unga na sukari. Dominika, mpishi wetu, alikuwa anawasha moto saa moja asubuhi, na saa nne watoto mia tatu na arobaini wanapanga foleni na vikombe vyao. Kabla ya uji, ikifika Januari, miezi ile ghala za nyumbani zinapokuwa tupu, theluthi moja ya watoto walikuwa hawaonekani. Baada ya uji wakaonekana. Hapo hapahitaji mtaalamu wa kutueleza.

Mwezi wa saba ramani ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Nilikwenda kuitazama nikiwa na furaha zangu, nione shule yangu ilivyochorwa. Majengo yalikuwepo. Pale kwenye shamba palikuwa na rangi nyingine, na maneno: ardhi ya akiba ya kijiji. Chini yake kwa herufi ndogo: miti 212 ya shule. Na pembeni pameshabandikwa tangazo la mkutano mkuu wa kijiji, ajenda moja tu, ombi la mwekezaji wa ghala la korosho anayetaka eneo la barabarani.

Nikamfuata Twahiru nyumbani kwake. Alitoka nje haraka, akanisogezea kiti mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Twahiru, ile ramani imekosewa."

"Haijakosewa, Mwalimu. Imefuata fomu."

"Unajua vizuri kwamba lile ni shamba la shule. Umeokota korosho pale na magoti yako yakachubuka."

"Najua. Mikorosho ni ya shule, nani anabisha? Mwekezaji atalipa fidia ya kila mti. Lakini udongo ni wa kijiji, na kijiji kinahitaji ghala, vijana wapate kazi." Akanitazama kwa adabu ile ile ya zamani. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetenganisha, Mwalimu. Mimi nimesoma tu ulichoandika."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimejipalia makaa. Siku ile ofisini nilidhani anamcheka Dickson.

Nilipanda gari nikaenda Newala, nikazungushwa meza hadi meza. Kila meza ilinipa pole. Mpango umeshapitishwa, Mwalimu. Umeingizwa kwenye mfumo, na mfumo umefungwa. Mwishoni mama mmoja mtu mzima akafunga mlango tukabaki wawili, akaniambia ukweli: mkutano mkuu wa kijiji una nguvu. Mkutano ukitamka kwamba miti na ardhi yake vilitolewa pamoja kwa shule, ramani itarudi kurekebishwa. "Tafuta aliyekuwepo wakati wa kupanda," akasema. "Mtu ambaye hawawezi kumbishia."

Aliyekuwepo amebaki mmoja. Bibi Scholastika alipanda akiwa mke wa nyumba, na sasa haoni vizuri, nyumba yake ya nyasi imeinama upande mmoja. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamweleza yote, pole pole, na kwa mara ya kwanza nikamtamkia mtu kosa langu bila kulizungushia maneno.

"Nakumbuka," akasema. "Nakumbuka mpaka sululu niliyoazima. Baba yako alikuwa anapanda huku anaimba nyimbo za kanisani, anakikosea Chimakonde, tunamcheka."

"Basi Bibi, uje useme."

"Nitakuja, mwanangu Ethel. Nitasema nilichokifanya kwa mikono yangu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Usiku ule nililala usingizi wa kweli baada ya majuma mawili.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwetu, mbele ya bendera. Watu walijaa, na Dickson alikuwepo, amekaa mwisho wa meza kuu na ramani yake imekunjwa. Twahiru hakupoteza muda. Alisema hataki maneno mengi, anataka kuuliza swali moja tu kwa wenye kijiji chao.

"Anayesema mti na udongo ni kitu kimoja, anyooshe mkono."

Nikawatazama. Yunusi, mwenyekiti wa kamati yangu ya shule, mtu aliyepulizia salfa miaka yote bila kukosa zamu, ana mikorosho sitini ya kwake, na yote imesimama kwenye udongo wa ukoo wa kina Hamudi. Hamudi alikuwa amekaa mikeka miwili mbele yake. Kama mti na udongo ni kitu kimoja, basi mmoja kati yao angerudi nyumbani bila kitu, na hakuna aliyejua ni yupi. Yunusi alishusha macho. Hamudi akashusha macho. Na uwanja mzima ulikuwa wa kina Yunusi na kina Hamudi. Kila aliyenipenda alikuwa na miti kwenye udongo wa mwenzake, au udongo chini ya miti ya mwenzake. Twahiru aliwafunga kwa kamba yao wenyewe, tena waliyoisuka babu zao.

Mkono ulionyooka ulikuwa wangu peke yangu. Na mimi sina udongo Nakalola, ndiyo maana ulinyooka kirahisi.

"Mwalimu tunamheshimu," Twahiru akasema, "lakini Mwalimu mwenyewe alimwambia bwana ardhi, sisi wote tukisikia: huku hatuhesabu udongo."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kwa sababu ni kweli, na kwa sababu walipata nafuu kuwa swali limepita bila kumdhuru mtu. Dickson alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikaomba shahidi asikilizwe. Bibi Scholastika akainuliwa na wajukuu wawili, akasimama na fimbo yake.

"Mimi nilipanda," akasema. "Hii mikolosho ya balabalani. Nilipanda minne, mstali wa pili. Mume wangu alikuwa anaumwa, nikachimba mwenyewe."

"Na mliambiwaje, Bibi?" nikauliza. "Ilikuwa ya nani?"

"Tuliambiwa shule itavuna."

"Na ardhi yake?"

"Aldhi?" Akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Nani alituuliza aldhi, mwanangu? Palikuwa polini. Tulipewa kazi, tukapanda. Shule ivune, na shule imevuna miaka yote hiyo, sikuwahi kuidai hata kolosho moja." Akavuta pumzi. "Lakini kuvuna si kukata. Sasa naambiwa inakatwa, na kila mti unalipwa. Mti ni wa aliyeupanda. Basi nani alipwe mti wangu? Mimi nataka minne yangu."

Nilihisi kama mtu aliyetaka kukaa kwenye kiti akakikosa. Niliweza kusikia vichwa vikifanya hesabu. Halafu Yunusi akasimama. Yunusi wa kamati yangu! Akasema marehemu baba yake naye alipanda minne, mstari wa sita. Akafuata Hamudi. Akafuata mwanamke ambaye hata simjui, kaolewa huku juzi, anasema mama mkwe wake alipanda. Mia mbili na kumi na mbili, gawanya kwa nne, hamsini na tatu. Inagawanyika bila baki. Mtoto wa darasa la nne angeifanya, na wengi waliokuwa pale niliwafundisha mimi kuifanya. Ile namba yangu niliyoiandika kwa kalamu ya bluu ikageuka orodha ya majina, na katika orodha ile palikuwa na kila mtu ila shule.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikapiga kelele, mimi Ethel, mwalimu mkuu, mbele ya wanafunzi wangu waliokuwa wanachungulia madirishani: "Na uji? Uji wa watoto wenu utatoka wapi?"

Kisha sauti ya mwanamume kutoka nyuma ikajibu, bila ukali wowote, "Si elimu ni bure, Mwalimu?"

Wakapitisha ghala, na fidia iende kwa aliyepanda, kwa kunyoosha mikono. Safari hii mikono ilikuwa mingi.

Jioni Bibi Scholastika alimtuma mjukuu aniite, nikagoma. Akaja mwenyewe, anapapasa njia, akakaa kwenye baraza yangu.

"Usininunie, mwanangu. Nimebakiza mvua mbili, labda tatu. Nataka kuzilala chini ya bati."

Nilitaka kumchukia na nikashindwa, na kushindwa huko kuliniuma zaidi. Nikamchemshia chai.

Siku ya fidia walikaa kwenye darasa langu la saba, kwa sababu ndilo lenye meza nzuri. Karani alikuwa anaita majina, mtu anajitokeza, anaweka dole gumba au anasaini. Wengine walikuwa wamekufa, wakajitokeza watoto. Ikafika: "Basil. Mikorosho minne, mstari wa tatu."

Mdogo wangu Chrispin alikuwa ameshanipigia simu mara mbili kutoka Mkomaindo, kule Masasi, kasikia habari, anauliza mgawo wake. Nikaenda mezani.

"Andika shule," nikamwambia karani.

"Haiwezekani, Mwalimu. Anaandikwa aliyepanda au mrithi wake."

"Nasema hii minne iandikwe shule."

Karani akamtazama Twahiru. Twahiru akanisogelea, akainama karibu na sikio langu ili asinidhalilishe, maana amelelewa vizuri, sifa hiyo nampa. "Shule haikupanda mti, Mwalimu," akasema.

Nilikuwa na njia mbili. Niondoke, Chrispin aje na pikipiki achukue. Au nisaini. Nikasaini, kwa kalamu yao. Sikumpa Chrispin kitu, na mpaka leo hanipigii. Nilikwenda dukani moja kwa moja, nikanunua unga na sukari yote iliyowezekana, nikamkabidhi Dominika. Mikorosho minne ya baba yangu ililisha shule kwa siku kumi na moja.

Ilikatwa mwezi wa nane, ikiwa imetoa maua. Msumeno wa mashine uliingia siku ya Jumatatu wakati wa kipindi cha kwanza. Darasa la kwanza walikuwa wanajifunza kuhesabu, na mwalimu wao alishindwa kuwazuia. Kila mti ulipoanguka walitaja namba kwa pamoja, wanapiga makofi. Nilikaa ofisini mlango umefungwa. Walipofika ishirini na sita nilijua wako mstari wa tatu.

Eneo lilipokuwa jeupe Dickson akaja kulipima, safari hii na kamba yake. Alipomaliza alipita ofisini kwangu, akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni ekari nane na robo." Akasita. "Nilidhani ungependa kujua."

"Marahaba," nikamjibu.

Mwekezaji alichukua magogo. Matawi hakuyataka, na Twahiru akatangaza kwamba serikali ya kijiji inayatoa yote kwa shule, kama mchango wake kwa elimu. Alikuja na mpiga picha. Alisimama kati ya watoto wa darasa la pili, kila mmoja na tawi lake begani, mengine bado yana maua, na wote waliambiwa wacheke. Picha ile imebandikwa ofisini kwake, karibu na ramani.

Nastaafu Desemba. Anayekuja atakuta kila kitu kwenye makabidhiano, nimeandika vizuri, vipimo vyote kwa mita. Atakuta pia jiko limejaa kuni mpaka dirishani, kuni kavu, za miaka miwili kama zitatumika kwa uangalifu. Dominika bado anakuja. Hakuna aliyemwambia asije, na mimi sikuweza. Saa moja kasoro anafagia jiko, anasuuza sufuria kubwa, anapanga mafiga. Halafu anakuja mpaka dirishani kwangu, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwalimu, niwashe?"

Namwambia asubiri kidogo.